Kiti cha Dereva Polepole

Mmekosa la kuongea, mmekuja kunichokonoa mimi. Haya, kaeni. Ila mwenye kuogopa giza aondoke sasa hivi. Sitaki mtu wa kunivuta gauni baadaye nimsindikize chooni.

Mume wangu alikuwa dereva wa tajiri mmoja. Watu walimwita Polepole, kwa jinsi alivyoendesha kama mtu aliyepakia mayai. Siku moja akatoka na gari la tajiri, la kizamani lenye honi ya mpira, hakurudi. Wala gari halikurudi. Mdogo wangu wa tumbo moja, fundi bodi, ndiye aliyeniletea habari.

"Dada, jikaze. Shemeji nimemwona kwa macho yangu haya. Kapakia mwanamke, wanavuka mpaka."

Nikaamini. Tumenyonya ziwa moja, ningemkatalia vipi? Wanawake wa sokoni wakiniona wanapiga honi kwa midomo. Nikamlaani mume wangu asubuhi na jioni. Watoto wake nikawakataza hata kumtaja.

Nikashika sindano, nikawa nashona viti vya magari kwenye gereji ya huyohuyo mdogo wangu.

Miaka ikapita. Akaja mteja tuliyemwita Bwana Asili. Alikuwa na gari la zamani, bodi tupu, injini iko sakafuni juu ya matofali. Alitaka kila kitu kiwe cha umri wa gari lenyewe: taa, honi ya mpira, usukani wa mbao, hata skrubu. Ukimletea cha kuiga anakinusa kama nyama iliyolala. Mdogo wangu akaahidi kumtafutia. Akapotea kidogo, akarudi na magunia.

"Umevipata wapi?"

"Dada, wewe shona. Maswali waachie polisi."

Akanipa kiti cha dereva. Ngozi imekauka, imepasuka. Angekuwa mteja mwingine, ngozi ile ingechanwa ikatupwa, nami nisingejua kitu. Lakini Bwana Asili alishaapa: ngozi ya zamani haitupwi, inashonwa palepale ilipo.

Basi jioni ile, jua linazama, nikabaki peke yangu nimalizie. Nikakigeuza kiti.

Chini yake palikuwa na kiraka. Kitambaa cha gauni langu la njano, kimeshonwa kwa uzi wa buluu, kwa sababu siku nilipokishona uzi mweusi uliniishia.

Mshono wangu.

Kiti cha mume wangu.

Kama Polepole alivuka mpaka na gari, kiti chake kimefikaje kwenye gunia la mdogo wangu... tena na udongo mwekundu kwenye mishono?

Hapo nikasikia.

Po... po.

Honi. Kwa upole, mara mbili, kama alivyokuwa akinipigia getini nisishtuke. Ilikuwa imeshafungwa garini, na hapakuwa na mkono ulioishika. Mpira wake ukabonyea wenyewe. Ukajaa. Ukabonyea.

Harufu ikaja. Tumbaku yake. Na chini ya tumbaku... udongo wa ndani sana, ule usiojua jua.

Kiti nilichokipakata kikawa kizito. Kikadidimia katikati, kama mtu kaketi. Magoti yangu yakalia.

"Mke wangu..." Sauti ilikuwa sikioni kabisa. "Sikukimbia."

Sikupiga kelele. Mtu nimemlaani miaka yote hiyo, nipige kelele kwa mdomo gani?

"Ni nani aliyekufanyia hivi?" nikanong'ona.

Taa za gari zikawaka, na betri haikuwamo. Zikamulika mlangoni. Pale alisimama mdogo wangu, kikombe cha chai mkononi.

"Dada... unaongea na nani?"

Nikamwonyesha kiraka. Chai ikammwagikia miguuni, wala hakuruka.

"Nilikwambia ushone," akasema taratibu. "Nani alikutuma ugeuze?"

Mtoto niliyembeba mgongoni huyo!

Akaninyang'anya kiti, akakipachika garini, akaingia akifunge upesi, kama mtu anayezika. Akashika usukani ajivute.

Mikono ikagoma kutoka.

"Dada! Nishike!"

"Mwite shemeji yako," nikamwambia.

Gari likaondoka. Injini iko palepale juu ya matofali, mnanisikia? Likapita mlangoni bila haraka, bila kugusa ukuta, likashika barabara.

Asubuhi tulilikuta kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, limesimama mbele ya pango lililozibwa kwa mawe. Watu wakayaondoa mawe. Ndani kulikuwa na gari la tajiri, limechunwa. Na mume wangu, fuvu limebonyea kisogoni.

Mdogo wangu alimuulia nini? Labda alilitaka gari, kisha akaogopa kuliuza. Na nani aliyeliendesha gari lile hadi pale, mimi sijui, wala sitaki kujua.

Mdogo wangu alikuwa hai, bado kakaa kitini. Vidole vimezama ndani ya mbao za usukani, huoni kucha inaishia wapi. Wakaleta msumeno wakate usukani. Meno ya msumeno yakang'oka. Bwana Asili pembeni analia, eti usukani ule hauna mwenzake duniani. Mtu wa ajabu yule! Vidole vikaanza kuwa vyeusi. Daktari akaniuliza mimi, ndugu wa damu, afanyeje.

Nikamwambia, kata panapokatika.

Akamkata mikono yote miwili, kwenye vifundo. Na ilipokatika tu, usukani ukaiachia.