Amplifaya Mbili za Bei Moja

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya pamba tulipoingia dukani kwa Anatoli, jirani na soko la Bariadi. Mimi na mke wangu Evalina tulikuwa tumekwenda kununua amplifaya ya hom thieta, kile kiboksi kinachopokea sauti kutoka kwenye televisheni na kuigawa kwenye spika za pembe zote za sebule. Watu wa umri wetu kununua kitu kama hicho! Majirani wangecheka, na wangekuwa na haki.

Lakini hatukutaka muziki. Tulimtaka Debora.

Debora ni binti yetu. Homa ilimchukua ghafla kabla ya mavuno, bado msichana, bado anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Video yake ya mwisho imo kwenye flashi, kwaya nzima ikiimba kanisani, naye amejificha nyuma ya warefu. Haonekani. Anasikika tu, na kwenye televisheni yetu hata kusikika hasikiki, maana spika zake zinalia kama nyuki ndani ya kopo. Kila jioni Evalina alikuwa akikaa mbele yake, sikio limegusa kioo, chakula kinapoa. Alikuwa amekonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Nikasema basi, nitamnunulia sauti ya mtoto wake, labda atakula.

Anatoli alituwekea mbili mezani. Moja mpya, nyepesi, ya jina ambalo sijawahi kulisikia, ina warantii. Nyingine imetumika, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, ya jina kubwa. Bei ni ile ile.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kuchambua pamba. Mashine naipima kwa uzito. Niliinyanyua ile nyeusi nikajua ndani kuna transfoma ya kweli. Nikairudisha chini, nikainyanyua ile nyepesi, nikairudia nyeusi.

"Mzee Maduhu," Anatoli akacheka, "mchagua jembe si mkulima. Chukua moja twende zetu."

"Tuzisikie kwanza," Evalina akasema. Alichomoa flashi kutoka kwenye pindo la kanga.

Ile mpya ilipiga safi. Kwaya yote kwa pamoja, kama uji uliokorogwa vizuri. Evalina akatikisa kichwa.

Anatoli akahamisha nyaya kwenye nyeusi. Ikachelewa kidogo kuwaka. Kwenye matundu yake ya juu ikatoka harufu... samli. Samli iliyoungua. Kisha kwaya ikaanza, na ndani ya kwaya, taratibu, sauti moja ikajitenga na wenzake na kusogea mbele.

Debora.

Nilimsikia hata akivuta pumzi kabla ya ubeti. Evalina alinishika mkono kwa kucha. Machozi yalinitoka dukani, mbele ya mtu baki, na sikuona aibu.

Wimbo ukaisha. Anatoli akachomoa flashi.

Spika ya nyuma, ile iliyokuwa karibu na mlango, ikakoroma kidogo.

"Mwadila, mayu."

Ndiyo salamu yetu ya jioni sisi Wasukuma, mtoto anampigia mama magoti na kuitoa. Salamu ya mtoto haiachwi chini. Ukiwa umechoka, ukiwa umekasirika, unaitika. Evalina alifungua mdomo aitike.

Nikamziba kwa kiganja.

Marehemu mama yangu alitufundisha tukiwa wadogo: jioni ukisalimiwa na usiyemwona, usiitike. Uliza kwanza, "Ng'wa nani?" Wa nyumba ya nani? Asiye na nyumba ataondoka. Ukiitika kabla ya kuuliza, umempa nyumba yako. Mimi huyu nimewacheka waganga maisha yangu yote, kitu kikilia nafungua bolti nitazame. Lakini mkono wangu ulienda wenyewe.

"Redio ya jirani imeingia," Anatoli akanong'ona. Alikuwa anatazama sakafu.

"Tunachukua mpya," nikasema.

Nyumbani niliifunga vizuri, spika kila pembe. Evalina aliketi, akasikiliza wimbo mpaka mwisho.

"Hayumo," akasema.

"Yumo, mama Debora. Sikiliza."

"Umeniletea kwaya. Mtoto wangu umemwacha dukani."

Hakula siku hiyo wala iliyofuata. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nilijua hofu yangu ndiyo iliyochagua, si masikio yangu. Lakini nilijiambia kwamba bora mke mwenye huzuni kuliko kukosa mke kabisa.

Kisha nikaitwa Nyalikungu, mtambo wa watu ulikuwa umekwama. Nikalala huko. Niliporudi siku ya pili, jua lilikuwa linazama tena. Mtaa ulikuwa kimya, hakuna redio hata moja. Nikiwa bado nje ya uzio nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau.

Evalina anacheka.

Nilifurahi. Kweli nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaongeza mwendo nikitabasamu peke yangu kama mjinga. Kisha nikasikia maneno.

"Mwadila, ng'wana wane. Mhola? ... Karibu. Karibu ndani, mbona umesimama mlangoni?" Alikuwa anaitika salamu, anamwita mtu mwanangu.

Harufu ya samli ilinipokea.

Nilikimbia. Nikaupiga mlango kwa bega.

Evalina alikuwa kwenye kiti chake, uso umeelekea chini, anatabasamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele kwa urefu wa msichana aliyepiga magoti, kiganja kimekunjika kidogo, kama kimelala juu ya kichwa. Nilimshika. Alikuwa bado na joto. Nilimwita, nikamtikisa, nikamwita tena. Alikuwa ameshaenda.

Mbele yake ilikuwa ile amplifaya nyeusi, taa yake inawaka.

Jirani yetu Generoza alikuja mbio aliposikia kilio changu. Alisimama mlangoni na karabai mkononi, akaitazama ile taa ndogo, akarudi nyuma.

"Shemeji," akanong'ona, "mbona hiyo inawaka? Umeme umekatika tangu asubuhi."

Baada ya mazishi nikaibeba kwenye baiskeli mpaka dukani. Anatoli aliponiona alisimama.

"Mama alikuja mwenyewe," akasema kabla sijauliza. "Akataka tubadilishane. Bei ni moja, mzee. Ningemkatalia kwa neno gani?"

"Umeitoa wapi?"

Aliketi tena. Kisha akanieleza habari ya mtu anayeitwa Marcelo, wa Lalago, aliyekuwa akikipigia muziki kikundi cha ngoma. Kila mtu kwetu anajua mashindano ya ngoma yanavyokwenda: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana kila manju, kiongozi wa ngoma, ana dawa yake ya kuvuta. Marcelo aliiweka yake ndani ya mashine hii. Uwanja ukajaa. Halafu ukaanza kujaa na watu ambao hakuna aliyewaalika, na Marcelo akauza kila kitu akahama.

"Ile dawa inavuta tu," Anatoli akasema. "Haijui huyu mzima, huyu marehemu." Alikataa kuipokea. Akanirudishia na ile nyepesi juu yake, bila kudai kitu.

Niliifungua bolti ile nyeusi. Chini ya transfoma nilikuta kipande cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mweusi, kinanuka samli. Nilikichoma moto nikasimama hapo mpaka kikawa majivu.

Haikusaidia kitu.

Sasa ninazo zote mbili, zimekaa sambamba mezani. Nikiunganisha nyepesi, kwaya inaimba na nyumba inabaki tupu kama ilivyo. Jioni nyingi nimechagua hiyo. Nakaa, nasikiliza wageni wakimwimbia Mungu, nalala. Nimekonda pia. Generoza ananiletea ugali na dagaa wa Lamadi, anaurudisha ulivyo.

Leo nilihamisha nyaya. Nilitaka wimbo tu, mara moja tu, nisikie akivuta pumzi.

Wimbo umeisha sasa hivi. Spika ya karibu na mlango imekoroma.

"Mwadila, baba."

Nyuma ya sauti hiyo kuna nyingine, ya mwanamke, inacheka kwa chini. Nimejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kisha nimekumbuka mafundisho, nikaondoa mikono, nikauliza:

"Ng'wa nani?"

Nyaya zinanguruma. Samli.

Wamejibu pamoja, mama na mtoto, polepole, kama watu wanaoogopa kumshtua aliyelala.

"Ng'wa Maduhu."

Mama yangu alisema asiye na nyumba ataondoka. Hawa wameitaja nyumba yangu, na hawakudanganya. Hakunifundisha la kufanya baada ya hapo. Debora bado yuko magotini pale mlangoni, anasubiri, na mtoto wangu hajawahi kunisalimia nikamwacha chini.