Ndoo za Maji kwa Waridi la Jangwani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufagia uani, nilikuwa na kazi moja isiyozidi dakika tano: kumwagilia waridi la jangwani la shangazi. Basi sikilizeni jinsi nilivyoiharibu kazi ya dakika tano!

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kinatazama uani. Hapo chini ya dirisha, kwenye chungu kipana, ndipo lilipokaa waridi lake: kichaka kifupi, shina limenenepa chini kama kibuyu, maua mekundu hasa. Alikuwa amelikuza tangu mbegu, miaka tisa. Lakini macho yake yaliingia mtoto wa jicho, akawa anaona ukungu mtupu. Hata uzi wa sindano nilimtungia mimi. Siku ya kwenda hospitali ya mbali kufanyiwa upasuaji, alinishika bega.

“Wiki tano tu, mwanangu. Kila Jumamosi kikombe kimoja, basi. Kwanza ingiza kidole udongoni. Ukikuta unyevu, liache. Nikirudi na macho mapya, nataka nilione vizuri.”

“Ondoa shaka, shangazi!”

Mh! Jumamosi ya kwanza nilimwagilia. Ya pili tulikuwa na mechi ya netiboli. Ya tatu sina hata kisingizio, nilisahau tu. Siku iliyofuata nikapita uani, moyo ukanilipuka paa! Majani yote yalikuwa ya manjano, na nusu yake yalikuwa chini.

Sikumwambia mtu. Niliyazoa yale majani, nikayasokomeza kwenye mkoba wa shule, chini ya daftari la hisabati. Kisha nikaleta ndoo nzima ya maji. Chwaa! Jioni nikamwaga ndoo nyingine. Kesho yake mbili tena, na keshokutwa vivyo hivyo.

Katikati ya wiki shangazi akapiga simu. “Waridi langu halijambo?”

“Halijambo, shangazi. Linakusalimu.”

Alicheka, nikamsikia akiwaambia wagonjwa wenzake, “Mmesikia? Waridi langu linanisalimu!” Jioni ile nikalimwagia ndoo nyingine.

Jirani yetu alikuwa na binti wa rika langu, tukimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuja, akabonyeza shina. Kidole kikazama.

“Lo! Limekuwa kama ndizi iliyooza. Wewe sema mbuzi kaingia.”

“Mbuzi gani, na mtaa mzima hauna mbuzi?”

“Basi sema paka.”

“Paka gani wa kunywa ndoo nzima?”

Tulicheka, lakini kicheko changu kilikufa njiani. Kila nilipofungua mkoba, yale majani makavu yalinong'ona chini ya madaftari.

Jumamosi ya tano shangazi akarudi, kavaa miwani myeusi. Hata begi hakulitua. “Twende uani!”

Nikasimama mlangoni, nikamzuia. “Shangazi, usitoke kwanza. Nilikudanganya.” Nikasema yote kwa pumzi moja, netiboli, ndoo, simu. Nikageuza mkoba, majani yakamwagika miguuni pake.

Akavua miwani, akanitazama, nami uso wote ulikuwa umelowa machozi na makamasi.

“Kumbe una kidoti puani,” alisema polepole. “Miaka yote sikukiona.”

Nikalia zaidi.

Tukaenda uani. Akabonyeza shina, akaguna, akaagiza kisu kisafi. Alikata sehemu yote iliyooza hadi akafika kwenye nyama nyeupe, ngumu. Kilibaki kitawi cha urefu wa kiganja. “Nawa mikono sasa hivi, na usiguse macho. Utomvu wake ni sumu.” Tulikiacha kivulini wiki nzima, kidonda kikauke, ndipo tukakipanda kwenye mchanga na kokoto.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja, jani likachungulia, dogo kama ukucha. Nilipiga kelele mpaka cherehani ikasimama!

Shangazi akatoka, akainama karibu kabisa. “Unajua yale majani ya manjano yalikuwa nini? Waridi la jangwani likikosa maji hupukutisha majani, likalala, likasubiri. Lilikuwa linajilinda tu. Ungeniambia kwenye simu, ningekwambia, lipe kikombe kimoja.”

“Kwa hiyo sikuliua kwa kiu?”

“Kiu haikulifanya kitu. Liliozeshwa na zile ndoo ulizomwaga ili nisijue. Kosa ukilisema mapema, mwanangu, linatibika kwa kikombe kimoja. Ukilificha, hata ndoo kumi hazitoshi.”

Nikaingiza kidole mchangani. Palikuwa pakavu. Nikaenda kuleta kikombe. Kimoja.