Mlango Uliojaa Stika za Bei

Kila Jumamosi asubuhi Bernadine Sobczak alipanga foleni mbele ya nyumba ya mtu aliyekufa. Hakuwa peke yake. Mjini Erie wazee wanafariki, watoto wao wanaishi mbali, basi nyumba hufunguliwa siku mbili ili kila kilichomo kiuzwe. Kila kitu hubandikwa stika ya bei: kitanda, vijiko, hata mapambo ya Krismasi. Watu huandika majina yao kwenye karatasi iliyo mlangoni, kisha hurudi kwenye magari yao kunywa kahawa na kungoja zamu. Huko ndani hakuna anayekupa risiti. Unalipa taslimu, unabeba chako, unaondoka.

Bernadine alijua kuchagua. Alinunua bakuli za zamani za kuokea na makoti mazito ya sufu. Nyumbani aliviosha vitu, akavipiga picha kitandani karibu na dirisha, akaviuza kwenye soko la mtandaoni. Siku za kazi alipika katika shule ya msingi. Akitoka huko alipitia posta na maboksi yake.

Alikuwa na tabia moja ya ajabu. Stika za bei alizibandua polepole kwa mashine ya kukaushia nywele, lakini hakuzitupa. Zamani alizibandua kwa maji, zikamzibia bomba la sinki, na mumewe Casimir akanung'unika wiki nzima. Tangu siku hiyo alizibandika nyuma ya mlango wa chumba cha chini. Baada ya miaka mingi mlango ulikuwa umejaa stika kuanzia juu mpaka kwenye kitasa.

Casimir hakuwapo tena. Moyo ulimsimama Februari moja yenye theluji nyingi, miaka miwili nyuma. Alikuwa fundi wa kiwanda cha treni, na siku za mapumziko alipiga kodiani, kinanda cha kubeba kifuani, kwenye harusi za parokia. Nusu ya mtaa ule ilioana kwa kodiani hiyo. Sasa ilikaa ndani ya kasha lake, juu ya zulia karibu na dirisha. Aliyeigusa ni Bernadine tu, kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Majira ya joto yaliyopita aliuza zana za useremala za Casimir, moja baada ya nyingine, ili alipie jiwe la kaburi. Aliziuza kwenye akaunti ile ile ya bakuli na makoti. Kodiani hakuiuza. Ilikuwa ya binti yao, Justine, na Casimir mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Justine alifanya kazi hospitalini Pittsburgh, na harusi yake ilikuwa Septemba.

Mwisho wa Januari ilikuja bahasha kutoka soko la mtandaoni. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye namba moja kubwa: dola elfu ishirini na nane na mia nne. Nakala ilikuwa imekwenda kwa watu wa kodi.

Bernadine alikaa chini. Pesa hizo hakuwahi kuziona. Alimwita shemeji yake Chester, mdogo wa Casimir, mtu ambaye hajui kukaa kimya kwa jambo asilolijua.

"Hapo wanachukua theluthi, shemeji," Chester alisema. "Elfu tisa hivi. Watakuvua hata soksi."

"Elfu tisa nitazitoa wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia usipeleke ritani, hiyo fomu ya kodi. Usipopeleka, watakujuaje?"

Karatasi imeshafika kwao, na mtu mzima anauliza watakujuaje! Lakini hofu haina masikio. Bernadine aliitia bahasha ndani ya friza, chini ya mfuko wa njegere, na kwa wiki tano hakupika njegere.

Usingizi ulimtoka. Kichwani aliona gari la serikali likisimama mlangoni, akaona nyumba ikifunguliwa, majirani wakipanga foleni, na stika juu ya kitanda chake mwenyewe. Mwanzoni mwa Machi aliipiga picha kodiani, aanze kutafuta zile elfu tisa. Kabla wiki haijaisha, mtu wa Wisconsin aliinunua kwa dola elfu tatu na mia mbili. Bernadine aliifunga pamoja na kasha lake kwa blanketi la Casimir, akaipeleka posta, akarudi nyumbani, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Ulikuwa ni msimu wa Kwaresima. Kila Ijumaa parokia ilikaanga samaki kwenye ukumbi wake, na Bernadine alikuwa na zamu ya kumenya viazi. Aliyemenya naye ni Norbert Wasik, mzee mstaafu aliyekuwa mhasibu wa kiwanda kile kile cha treni. Siku za Jumanne Norbert alikaa maktabani, akiwasaidia watu kujaza ritani bila malipo.

"Justine ameshapata mtu wa kupiga kodiani ya baba yake Septemba?" Norbert aliuliza.

Kisu kilisimama mkononi mwa Bernadine. Akamweleza yote, sauti ikiwa chini: bahasha, njegere, Chester, Wisconsin. Norbert alimaliza kwanza kumenya kiazi chake.

"Elfu tisa amezihesabu nani?"

"Chester."

"Chester hawezi kuhesabu hata watoto wake. Jumatatu ukitoka kazini nakuja kwako. Itoe hiyo bahasha kwenye friza."

Jumatatu alikuja na kalamu, miwani na kikokotoo cha zamani. Bahasha ilikuwa bado ina ubaridi. Norbert aliisoma, akaiweka mezani.

"Hii si faida yako," alisema. "Hii ni kila dola iliyolipwa na wanunuzi. Kuna ada ya soko humu, ambayo hukuipata. Kuna nauli ya posta, uliyoilipa wewe. Nipe mfano. Bakuli moja."

Bernadine alifikiri. "Nilinunua kwa dola nne. Nikauza thelathini."

"Soko likakata ngapi?"

"Nne. Posta tisa. Boksi na karatasi za kufungia, kama dola moja."

"Basi umebaki na kumi na mbili. Kodi ya biashara inatozwa kwenye kumi na mbili, si kwenye thelathini. Chester alikutoza kwenye thelathini."

Norbert akaendelea kuuliza. Vitu vyote vilikuwa vya kununua na kuuza? Ndipo Bernadine akataja zana za Casimir, elfu tisa na mia moja kwa jumla.

"Hizo si bidhaa zako. Ni vitu ulivyorithi," Norbert alisema. "Ukiuza kitu cha marehemu kwa thamani kiliyokuwa nayo alipofariki, hujapata faida. Na hata sofa yako kuukuu, ukiiuza kwa bei ndogo kuliko uliyonunulia, hakuna faida ya kutozwa. Lakini hatufichi. Tunaiandika namba yao yote, kisha tunaonyesha ipi si ya biashara. Ukiandika pungufu, wataona karatasi hazilingani, na hapo ndipo barua zinaanza kuja."

Kikwazo kilikuwa gharama ya kununulia. Norbert alitaka risiti. Bernadine alicheka kwa uchungu. Nani huandika risiti kwenye nyumba ya marehemu?

"Sina hata moja," alisema. "Nina stika tu."

"Stika gani?"

Alimpeleka kwenye mlango wa chumba cha chini. Norbert alivaa miwani yake. Alisimama pale muda mrefu, akisogea kushoto na kulia. Stika nyingi zilikuwa na jina la waliosimamia uuzaji. Nyingine zilikuwa na tarehe. Za mwaka jana zilikaa pamoja, chini, karibu na kitasa.

"Bernadine," alisema taratibu, "mbona daftari lako la hesabu umelibandika mlangoni?"

Jioni ile na mbili zilizofuata walifanya kazi. Walipiga picha stika. Walizilinganisha na picha za bidhaa zilizokuwa kwenye simu, kila moja na siku yake, na taarifa ya benki iliyoonyesha pesa alizotoa kwenye mashine kila Jumamosi. Norbert alimweleza kwamba ushahidi wa kuokoteza si mzuri kama risiti, lakini ni bora kuliko kubahatisha, na kile wasichoweza kukionyesha hawatakiandika. Walihesabu pia maili za gari, maana safari za biashara nazo ni gharama.

Mwisho Norbert alipiga mstari chini ya namba. Faida ya biashara ilikuwa dola elfu nne na mia tano. Kodi zote kwa pamoja, kama dola mia tisa.

Bernadine alisoma mara mbili. Mia tisa angeweza kuzipata. Hata asingezipata, Norbert alisema, angepeleka ritani kwa wakati na kuomba kulipa kidogo kidogo. Adhabu ya kutopeleka ni kubwa kuliko ya kuchelewa kulipa. Watu wengi huogopa deni, wakaacha kupeleka, na deni likakua.

"Na kodiani?" Bernadine aliuliza.

Norbert alivua miwani. "Hiyo ni ya hesabu za mwaka ujao. Nayo ni ya marehemu. Kama thamani yake ilikuwa hiyo hiyo, haina kodi."

"Sikuulizi kodi, Norbert."

"Najua," alisema, na akakusanya karatasi zake.

Bernadine alimwandikia mtu wa Wisconsin. Alimwambia atarudisha pesa zote, na nauli juu. Jibu lilikuja kesho yake, la adabu na fupi. Samahani, mama, siiuzi.

Justine alikuja wikiendi ya Pasaka. Alivua viatu, akaingia sebuleni, akasimama. Kasha lililokaa pale miaka halikuwapo, na zulia lilikuwa limebonyea mahali panne, pembe zake zilipokuwa. Bernadine alimweleza huku akitazama sakafu.

"Ungenipigia simu, mama," Justine alisema. "Simu moja tu."

"Niliona aibu."

Justine alikaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake. Hakumlaumu tena, na hilo lilimuuma Bernadine zaidi.

Septemba walicheza muziki wa spika. Watu walikula, walicheka, Chester alicheza dansi ya polka na viti. Ilikuwa harusi nzuri. Bernadine alitoka nje mara mbili.

Lakini bahasha za kodi hazikuingia tena kwenye friza. Ritani ilikuwa imefika Aprili, kabla ya siku ya mwisho, na mia tisa alikuwa amezilipa. Alifungua akaunti ya pili: moja ya bidhaa, moja ya vitu vya nyumbani. Kwenye kila nyumba ya marehemu alitoa daftari dogo, akaandika tarehe, kitu na bei, akamwomba msimamizi atie sahihi. Wengi walitia. Maili aliziandika kabla ya kuzima gari. Kila alipouza, alitenga sehemu ya faida, na mara nne kwa mwaka alipeleka malipo ya kodi, ili Aprili isimkute mikono mitupu.

Januari iliyofuata bahasha ilikuja tena. Aliifungua akiwa bado na koti. Namba ilikuwa kubwa, naye alijua ndani yake ni ngapi zilizo zake. Justine, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alimwona akichukua boksi la risiti na daftari kutoka sakafuni, karibu na dirisha. Lilikuwa limekaa katikati ya zile alama nne za zulia.

"Mama, kabati zote hizi, unaweka hapo?"

"Hapo pananiuma," Bernadine alisema. "Nikipita, siwezi kusahau kuandika."