Ploti za Makokha na Njia ya Mama Nasambu

Kila asubuhi, baada ya chai, Mama Nasambu hujifunga leso na kutoka nje. Macho yake yamechoka. Anaona mwanga na vivuli tu. Lakini hataki kushikwa mkono.

Langoni kwake huanza fensi ya sipresi. Fensi hiyo hufuata kijia chembamba mpaka kwa rafiki yake Arafa. Mama Nasambu huweka mkono wa kulia kwenye majani, kisha huenda polepole. Fensi ikiisha, amefika.

"Mkono wako unanukia sipresi," Arafa humwambia.

"Na wako unanukia mandazi," Mama Nasambu hujibu. "Lete moja nihakikishe."

Arafa husali msikitini, Mama Nasambu kanisani. Waliolewa hapa Kamukuywa mwaka mmoja, na tangu siku hizo wanakunywa chai pamoja.

Mama Nasambu anaishi na mwanawe Bramwel na mke wake Nelima. Siku moja Nelima alirudi kutoka sokoni na habari. Jirani yao Makokha, mwenye shamba lililo mwisho wa kijia, anataka kuligawa awe na ploti za kuuza. Nyumba nyingi zitajengwa. Malori ya mawe na mchanga yatakuja. Na njia ya kufika langoni kwake ni kile kijia tu. Ili lori lipite, sipresi zitang'olewa.

Bramwel aliacha kula.

"Mama atashika nini?" aliuliza.

Nelima alimshauri aende akaongee na Makokha. Bramwel alikataa. Alisema kwao watu hawapigi kelele juu ya mpaka.

"Babu yangu alipotaka mtu asivuke, alipanda mti," alisema. "Mti ukishika, mtu anaelewa."

Jumamosi jioni alichimba mashimo katikati ya njia, kati ya kwake na kwa Arafa. Alisimamisha nguzo. Kisha alikata matawi ya sipresi kutoka fensi ya zamani, akayasuka kwenye nguzo. Fensi mpya ilikata njia kutoka kulia hadi kushoto. Upande wa kushoto, kando ya mtaro wa maji, aliacha nafasi ndogo ya watu kupita. Wapita njia walimsifu. Mmoja alimwambia, "Hapo umeweza, bana."

Alisahau kitu kimoja. Mama yake hatembei kwa macho.

Asubuhi Mama Nasambu alitoka kama kawaida. Mkono wake ulifuata majani. Majani yalipogeuka, naye akageuka. Aliona ajabu kidogo, lakini aliziamini sipresi zake. Zikampeleka kushoto, hatua kwa hatua, mpaka mguu ukakanyaga hewa.

Bramwel alimkuta ameketi ndani ya mtaro, ameshika kifundo cha mguu. Hakuwa analia.

"Bramwel," alisema, "nani amegeuza sipresi zangu?"

Bramwel aliinama, akamtoa mtaroni.

Mguu ulikuwa unavimba. Nelima alimwita Shafi, mtoto wa Arafa, ambaye ana tuktuk. Shafi aliiwasha mara moja, akaja mbio, kisha akasimama. Fensi ilikuwa mbele yake.

"Sasa nipite wapi, Baba Sellah?" alimuuliza Bramwel.

Bramwel aling'oa nguzo kwa mikono yake mwenyewe. Arafa alisimama kando, leso mdomoni, akimwombea rafiki yake.

Zahanati walisema mguu umeteguka tu, haukuvunjika. Mama Nasambu aliambiwa apumzike. Siku hiyo ni Arafa aliyemfuata yeye, na mandazi kwenye bakuli.

Jioni jirani yao Chepkosgei alikuja kumpa pole. Yeye anafanya kazi katika ofisi ya mipango ya ardhi kule Kitale, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Alisikiliza yote. Hakumcheka Bramwel.

"Njia ni ya watu wote," alimwambia kwa upole. "Ukiifunga, mwenye makosa ni wewe, si Makokha. Na lile bango langoni kwake, mmelisoma?"

"Si ni la kuuza ploti?" Bramwel aliuliza.

"Hapana. Linasema anaomba ruhusa ya kugawa shamba. Bado hajapewa. Na linasema mwenye maoni ayapeleke kwa maandishi ofisi ya mipango ya kaunti, Bungoma, kabla ya siku zilizowekwa kuisha."

"Tuwaambie ati hatutaki?"

"Hiyo peke yake haitoshi. Waambie shida ni gani. Malori yatapita wapi? Maji ya mvua yataenda wapi? Anayetembea kwa miguu atapita wapi? Kisha waambie mnaomba nini. Waombe waje waone. Lakini kwanza ongeeni na Makokha. Yeye ni jirani, si adui."

Kesho yake Bramwel na Nelima walienda kwa Makokha. Alikuwa hajui kuhusu mguu. Alieleza kwamba watoto wake wote wako mbali, na shamba limemshinda. Nelima alimwambia kwamba hawamzuii kuuza. Wanachoomba ni njia tu. Kisha akamkumbusha kwamba upande wa pili wa shamba unapakana na barabara pana ya murram iliyoshindiliwa, inayoenda kwenye kinu cha kusaga unga wa posho.

"Nikifungua lango huko, napoteza ploti moja," Makokha alilalamika. Akakuna kichwa. "Lakini huyo mama alinilea pia. Nilikula ugali wake nikiwa mtoto wa kaptura."

Majirani waliandika maoni yao, na Makokha akaomba mchoro wake wa ploti ubadilishwe. Mama Nasambu alikuwa amepona maafisa walipokuja kutoka Bungoma. Waliuliza kijia kinatumiwa na nani. Mama Nasambu aliweka mkono kwenye sipresi, akaanza kutembea. Maafisa walimfuata nyuma, polepole, mpaka kwa Arafa. Walikunywa chai huko.

Ruhusa ilitoka baadaye. Malori yanapita barabara ya kinu. Mtaro umefunikwa. Ploti zinauzwa, na majirani wapya wameanza kuingia. Kijia kimebaki cha waendao kwa miguu, na tuktuk ya Shafi.

Ila pale Bramwel alipokata matawi, fensi ilibaki na pengo. Amepanda miche ya sipresi hapo. Kila asubuhi Mama Nasambu akifika kwenye pengo, huinama na kuigusa.

"Hawa bado watoto," husema.

Kisha hunyoosha mgongo, hutafuta majani ya zamani, na kuendelea na safari yake.