Mjomba Chachandu na Matofali ya Darasa la Sita

Kila asubuhi Nesta alikwenda shule na mizigo mitatu: begi mgongoni, kidumu cha maji mkononi, na tofali moja la kuchoma kichwani, juu ya ngata ya kanga kuukuu. Hakuwa peke yake. Wanafunzi wote wa shule yao, kule upande wa Isansa, walipitia kwanza bondeni kwenye tanuru, kila mmoja akachukua tofali lake na kupanda nalo kilima. Agosti ina baridi ya kung'ata masikio, lakini ukifika juu na tofali kichwani, hata sweta unaiona mzigo.

Matofali yalikuwa ya darasa jipya. Darasa la Tano na la Sita walibanana katika chumba kimoja, wamepeana migongo, ubao mmoja huku na mwingine kule. Masomo yalichanganyika hewani. Siku moja Mwalimu Fortunata wa Darasa la Sita alimuuliza Osward robo tatu ya arobaini ni ngapi, naye akajibu kwa kujiamini, "Lusaka!" Upande wa pili walikuwa wanasoma miji mikuu.

Wanakijiji walikuwa wamekubaliana na halmashauri: wao wangejenga kuta, halmashauri ingeleta mabati. Sharti lilikuwa moja. Mkaguzi atakapokuja siku ya mwisho ya Agosti, kuta ziwe zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Zisipofika, mabati yangepelekwa kwenye shule nyingine iliyo tayari. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na kuta zilikuwa zimefika kiunoni mwa Fundi Anyitike, ambaye naye hakuwa mrefu.

Jumatatu moja, baada ya masomo, Grace aliwaita wenzake dukani kwa mama yake.

"Njooni muone! Nesta, mjomba wako yumo kwenye simu!"

Mjomba wake Nesta aliitwa Gibson, lakini huko Dar es Salaam alikokuwa akifanya uchekeshaji, watu walimjua kwa jina la Chachandu. Kwenye klipu alikuwa ameegemea gari jeupe linalong'aa, mkufu wa dhahabu shingoni, miwani myeusi usoni.

"Watanzania wenzangu," alisema, "wadogo zangu kijijini kwetu wanasoma wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Toa ulicho nacho. Hata mia tano yako inajenga. Namba hiyo hapo chini ni ya kamati ya shule."

Watoto walishangilia, isipokuwa Osward. Mama yake Osward alikuwa akikaanga mandazi alfajiri na kuyapeleka mjini Mlowo kuuza, kisha anarudi kubeba matofali.

"Gari lile moja lingejenga madarasa mangapi?" aliuliza Osward. "Mtu mwenye gari vile anamwomba mama yangu mia tano ya mandazi!"

"Mama yako ameombwa na nani?" Grace akamrukia. "Anaomba watu wote. Watu wanamsikiliza kwa sababu anajulikana. Wewe ukiomba, nani atakusikiliza? Hata mbuzi wenu hakusikilizi."

Watoto wakacheka. Osward naye alicheka, kisha akamgeukia Nesta.

"Haya, Nesta. Mjomba wako mwenyewe katoa nini? Tuambie, katoa nini?"

Nesta hakujua. Alitazama miwani ile myeusi kwenye simu kana kwamba ingemjibu. Wote walikuwa wakimsubiri, na masikio yake yakaanza kuwaka moto.

"Amenunua matofali yote yaliyobaki," alisema. "Yanakuja na lori kutoka Mlowo."

Osward aliinua mikono, akakubali kushindwa. Hilo halikuwa jambo la kila siku, na Nesta alitembea hadi nyumbani akijiona mrefu kuliko Fundi Anyitike.

Sasa, maneno yakitoka dukani hayahitaji bodaboda. Kabla jua halijazama, lori la Nesta lilikuwa limefika bombani. Jumanne lilifika mashineni, na kila lilipopita liliongezewa mzigo: saruji, milango, hata kengele mpya. Jumatano asubuhi njia ya kutoka bondeni ilikuwa nyeupe, haina mtu. Wanafunzi walikuja shule na mabegi yao tu. Nani abebe tofali kwenye baridi, wakati lori liko njiani?

"Nesta," Mwalimu Fortunata alimwita pembeni, "hilo lori linakuja lini?"

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Lakini Osward alikuwa amesimama karibu akifunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu mno.

"Linakuja, mwalimu," alisema Nesta. "Mjomba amesema linakuja."

Jumamosi ilikuwa siku ya kijiji kizima kubeba matofali. Hakuja mtu. Fundi Anyitike alikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa tangu saa mbili hadi saa sita, akapiga mluzi mpaka nyimbo zikamwishia, kisha akaenda zake.

Watu walikuwa wamekwenda kwenye shughuli zao, na wengi walikuwa kwa bibi yake Nesta, Bibi Enesi, aliyewaita kulima bustani yake ya bondeni. Kama ilivyo kawaida yao, aliyeita watu shambani hulima mstari wa kwanza peke yake, huku walioitwa wamesimama kandokando wakimtania. Bibi Enesi, na miaka yake sabini, alilima mstari wake toka mwanzo hadi mwisho.

"Bibi, jembe lina usingizi hilo!" mmoja alipiga kelele.

"Limelala kwako jana, limeambukizwa!" alijibu bila kuinua kichwa.

Alipomaliza, watu ishirini waliingia kwa pamoja, na kabla ya saa nane bustani ilikuwa imekwisha kulimwa. Nesta aliwagawia togwa. Yake mwenyewe aliirudisha mtungini.

Wiki nyingine ilikatika hivyohivyo. Zilibaki siku nane mkaguzi afike. Ijumaa alasiri, Nesta akiwa anafagia uwanja wa nyumba ya bibi, bodaboda ilisimama. Akashuka mtu aliyejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, ana begi moja la mgongoni.

"Shikamoo mjomba!" Nesta alidondosha fagio. "Lori liko wapi?"

"Marahaba. Nimekuja kuona kuta zimefika wapi. Lori gani?"

"Na gari lako?"

Mjomba Gibson alicheka, lakini uso wa Nesta haukuwa wa mzaha. Aliketi kwenye kizingiti, akavua viatu na kumwaga mchanga uliokuwamo.

"Gari lile si langu, mwanangu. Tulilikuta limeegeshwa nje ya hoteli, tukapigia klipu. Mkufu ni wa mpiga picha. Nina chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba haonagi vichekesho vyangu. Anaona tarehe tu."

"Kwa hiyo wewe hukutoa kitu?"

Mjomba alikuna kidevu. "Ningetoa elfu kumi, watu wangesema, Chachandu mzima, elfu kumi? Niliona haya. Nikaona afadhali niombe tu, nisiseme nimetoa nini."

Nesta akaanza kulia. Akamweleza kila kitu: Osward, lori, njia nyeupe, na fundi juu ya ndoo. Alipomaliza, mjomba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi tumelingana," alisema polepole. "Wewe ulisema nimetoa nisichotoa. Mimi niliwaacha watu waamini nina nisichonacho. Na wote wawili tuliogopa kuchekwa."

"Mbona mnanong'ona mlangoni kwangu kama wezi wa kuku?" Bibi Enesi alitokea jikoni, mwiko mkononi. Ilionekana alikuwa amesikia vya kutosha. "Gibson, uliita watu kazini?"

"Niliita, mama."

"Mstari wa kwanza ulilima?"

Mjomba alianza kuvaa viatu vyake.

"Haya," alisema bibi. "Kesho Jumamosi. Na wewe Nesta, maneno uliyoyatoa kwa mdomo wako utayarudisha kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea. Sasa nendeni mkaoge, ugali uko tayari."

Asubuhi yake Nesta alikwenda kwa Mwalimu Fortunata, akamwambia ukweli wote. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkaripia, na Nesta alitamani angekaripiwa tu yaishe. Mwalimu alichukua nondo na kugonga rimu ya gurudumu iliyokuwa kengele ya shule. Watu walikuja mbio kutoka kila upande. Walidhani lori limefika.

Walimkuta Nesta amesimama juu ya ndoo ya Fundi Anyitike.

"Hakuna lori," alisema. "Mjomba hajanunua matofali. Nilisema uongo ili Osward asinicheke. Mmeacha kubeba matofali kwa sababu yangu. Naombeni mnisamehe."

Minong'ono ikaanza. "Wiki mbili zimekwenda bure!" mtu alisema. Mama Osward aliguna, "Na mimi nilikwishamwombea baraka huyo Chachandu!"

Ndipo mjomba akajitokeza. Watu wengine hawakumtambua bila miwani. Akawaambia habari ya gari na ya mkufu, bila kichekesho hata kimoja. Kisha akakunja suruali hadi magotini, akamwomba Nesta ngata yake, akateremka bondeni peke yake.

Watu hawakuondoka. Walisimama wakitazama, maana wote walijua anachofanya. Alipanda na matofali manne kichwani, shingo ikimtikisika kama ya mwanakondoo.

"Chachandu, kazi ya kweli haina kurudia kama klipu!" Osward alipiga kelele, na safari hii kijiji kizima kilicheka.

"Shingo ya mjini hiyo!" mwingine akaongeza. "Imezoea mkufu!"

"Ilikuwa ya kuazima, na shingo nayo naona kama nimeazima!" mjomba alijibu akihema, akayatua matofali na kuteremka tena.

Safari ya pili alijikwaa, tofali moja likapasuka. Safari ya tatu alipogeuka kuteremka, alimkuta Mama Osward yuko mbele yake, kanga kaifunga kiunoni.

"Sogea, wewe kinyonga," alisema. "Mkaguzi hatungojei."

Hapo kila mtu akashika njia. Jioni, rundo la matofali lilimzidi Fundi Anyitike kimo, naye hakulalamika. Nesta alikwenda safari kumi na moja. Katika ile ya mwisho Osward alimpokea tofali lake, akasema, "Lori lenyewe kumbe ni wewe." Nesta alijua ametaniwa, na alijua pia amesamehewa.

Jumapili baada ya ibada mjomba aliifuta klipu ya gari, akapiga nyingine mbele ya kuta. "Mimi Chachandu sina gari," alisema. "Nimetoa matofali sitini na shingo moja. Mama yangu katoa chakula cha mafundi. Wanafunzi wanatoa tofali moja kila siku. Nondo na saruji ya lenta hatuna. Mwenye nacho atoe, na kila kitakachofika nitawaonyesha kimewekwa ukuta gani." Jumanne mfanyabiashara mmoja wa Mlowo alipeleka saruji na nondo. Watu wasiojulikana wakatuma mia tano mia tano, na mjomba akaonyesha kila kilichonunuliwa, kama alivyoahidi.

Mkaguzi alipofika, zege la lenta lilikuwa bado bichi. Alilibonyeza kwa kidole, akajifuta, akaandika kwenye daftari lake. Mabati yalikuja wiki ya pili ya Septemba.

Siku ya kwanza ndani ya chumba kipya, Darasa la Sita walikaa kimya, wakishangaa kusikia somo moja tu. Osward akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi bado nauliza. Ni sawa mtu maarufu kutuomba sisi watu wa kawaida michango?"

Mwalimu Fortunata aliweka chaki chini.

"Kuomba kwa ajili ya wenye shida si aibu, Osward. Anayesikika na watu wengi akinyamaza, naye anakosea. Lakini aseme kweli: ametoa nini yeye, na vya watu vinakwenda wapi. Kidogo kilichosemwa wazi kimetuletea saruji. Gari lisilo lake lilituletea nini? Na lori lisilokuwepo lilikaribia kutunyang'anya mabati. Kwa hiyo msione haya kwa udogo wa mlicho nacho. Oneni haya kusema mnacho wakati hamna. Nesta, umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Vizuri. Sasa, Osward, robo tatu ya arobaini?"

Osward aligeuka nyuma kwa mazoea. Nyuma kulikuwa na ukuta mtupu, wa matofali mekundu.

"Thelathini," alisema, na darasa zima likampigia makofi.