Bendera ya Kijani, Kilomita ya Sabini na Moja

Mashine iliyoendesha treni ya Igalasi iliitwa Mwonambele. Haikuhitaji kiti wala dereva. Ilikuwa na macho kumi na mawili kwenye kichwa cha treni, na ilimwona mbuzi angali kilomita tatu mbele, ikajua kama anavuka reli au anakula tu majani. Akivuka, inapiga honi. Akila, inapita zake.

Nyamizi aliitazama ikipita nyuma ya nyumba yao kila siku. Sahani ya baba yake ilikuwa bado kabatini. Aliipangusa, akairudisha.

Siku ya tisa baada ya mazishi ya baba alikuja Injinia Mbonea wa shirika la reli na karatasi.

"Poleni sana, dada Nyamizi. Weka sahihi hapa, tufunge faili."

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba mashine haina kosa. Iliona kijani, ikapita. Kijani maana yake njia ni nzima, na aliyeishika yuko pembeni."

Nyamizi hakubisha. Baba yake, Mzee Kasanda, alikuwa mkaguzi wa njia miaka thelathini na moja. Alitembea juu ya mataruma akigonga reli kwa nyundo na kusikiliza. Treni ikitokea, aliinua bendera ya kijani palepale katikati ya njia, akangoja honi mbili. Honi mbili maana yake nimekuona, mzee, toka sasa. Ndivyo walivyofanya madereva wote wa reli ile tangu treni za moshi, ingawa hakuna kitabu kilichoandika. Na Mwonambele ilifundishwa kwa vitabu. Haikupiga honi, na mzee akabaki relini akiingoja.

"Ikiona kijani ipige honi mbili, Injinia. Ni hilo tu."

"Nitapeleka ombi. Makao makuu watalijadili, labda mwakani."

"Ntobi anaanza kesho."

Ntobi, mdogo wake, alikuwa amechuchumaa mlangoni akiifuta nyundo ya baba yao. Kazi ile sasa ilikuwa yake.

"Basi asimame pembeni," alisema Injinia.

"Kichwa kinajua," alisema Ntobi. "Miguu ndiyo haijui. Mzee alinifundisha nina miaka kumi. Nikishika kijani, miguu inangoja honi."

Injinia alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akanywa chai.

Nyamizi hakuweka sahihi. Asubuhi alitoa bendera ya kijani kwenye mkoba wa Ntobi, akaikunja pamoja na mashati ya baba yao. Akamwachia nyekundu.

Saa nne treni iliona nyekundu, ikapiga honi tangu mbali, ikafunga breki, ikasimama kilomita ya sabini na moja. Abiria walichungulia madirishani. Ntobi alitoka relini taratibu, akashusha bendera, treni ikaondoka. Kesho yake vilevile. Na keshokutwa.

Siku ya nne simu iliita.

"Dada Nyamizi, reli ni nzima. Treni inasimama ya nini hapo?"

Nyamizi alikuwa na sahani mkononi. Alimaliza kuipangusa kwanza.

"Mashine haina kosa, Injinia," alisema. "Imeona nyekundu."