Kikohozi cha Kufuli

Kila alasiri aliporudi kutoka shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi, akanawa mikono, kisha akabeba sinia la chai na biskuti kwenda nalo chumba cha mwisho, kwa mbwa.

Naam, kwa mbwa. Usifikiche macho, umesoma sawasawa.

Mbwa huyo aliitwa Kufuli. Jina alipewa na Babu, aliyekuwa fundi wa kufuli na funguo, kwa sababu enzi zake akishalala langoni hapiti mtu mwenye nia mbaya. Lakini enzi huisha. Babu alipofariki, Bibi alimtoa Kufuli langoni akamleta sebuleni. Kutoka sebuleni akamhamishia chumba cha marehemu, na mwisho akampandisha kwenye kiti cha bembea alichokuwa akikalia Babu mwenyewe. Bibi alikuwa mshonaji, basi akazichukua pajama za marehemu zenye mistari ya buluu, akazikata miguu, akamvika mbwa. Zilipombana akazitanua. Zilipombana tena akazitia kiraka cha tumboni. Kufuli alikuwa na mto wa mchana na mto wa usiku, kitambaa cha kufutia mdomo, na feni yake peke yake, ilhali Chiriku alijipepea kwa daftari la hesabu.

"Mbwa huyu amebakiza kupiga kura tu," Mama alisema asubuhi moja akitoka kwenda kazini, kwenye kiwanda cha mikate.

"Na angechagua vizuri kuliko wewe," Bibi akamjibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

Chiriku alicheka. Lakini alasiri, sinia likiwa mikononi na mlango wa chumba cha mwisho ukiwa mbele yake, kicheko hicho hakukiona kilikokwenda. Sababu ilikuwa kikohozi.

Kilianza kidogokidogo, Kufuli alipokuwa amenenepa hata shingo yake ikapotea. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, kisha kimya, kisha kingine kirefu chenye mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Hivyo ndivyo alivyokohoa Babu. Si kwa kukaribiana, hivyo hasa.

Chiriku alijua fika kuwa ni mbwa. Lakini kujua ni kwa kichwa, na mgongo nao una akili zake. Chumba kile mapazia hayakufunguliwa, na bado kilinuka grisi ya Babu. Funguo zake kuukuu zilining'inia ukutani, na kiti kilipobembea zilitikisika, zikalia polepole. Kila alipoinama kuweka sinia, Chiriku aliona mistari ya pajama ikipanda na kushuka gizani, akasikia pumzi nzito juu ya kichwa chake, na kwa kufumba na kufumbua aliamini kwamba aliyekaa pale hakuwa mbwa. Siku moja neno "Shikamoo" lilimtoka lenyewe.

Hakuna aliyeitikia. Afadhali.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa Bibi. Kila kikohozi kilipotoka, Bibi alisimamisha cherehani, akageuza uso ukutani na kusema kwa upole, "Pole, mwenzangu."

"Bibi," Chiriku alijikaza siku moja, "Kufuli anaumwa. Hata ngazi moja haipandi siku hizi. Tumpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Ili ampe dawa, kikohozi kiishe?" Bibi aliuliza. Mguu wake ulitulia juu ya pedali. "Kikiisha, mke mwenzangu, nyumba hii itabaki na sauti ya nani?"

Bibi alimwita mke mwenzangu kwa utani, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu zao. Siku hiyo neno hilo halikuwa na ladha ya utani. Chiriku, aliyepewa jina la ndege mpiga kelele kwa sababu hakosi la kusema, aliokota daftari lake akaenda zake.

Wiki hiyohiyo, rafiki yake aliyeitwa Njiti kwa wembamba wake alikuja wafanye hesabu pamoja. Walikuwa sebuleni kikohozi kilipotoka chumba cha mwisho.

"Nani huyo?" Njiti aliuliza.

"Mbwa wetu."

"Mbwa gani anakohoa kama mwenye nyumba?"

Kabla Chiriku hajajibu, sauti ya Bibi ilipita ukutani: "Pole, mwenzangu. Chai yako inakuja."

Njiti alijua kwamba Babu wa nyumba ile alishazikwa. Yeye mwenyewe alikuwapo. Alikusanya vitabu vyake na viwili vya Chiriku, akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki. Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari.

"Chiriku, eti babu yenu amerudi?"

"Anakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

"Hebu tuambie, dada, mzimu ukitafuna biskuti, makombo yanaanguka wapi?"

Chiriku alicheka pamoja nao, maana hasira ingewatia moto zaidi. Lakini aliporudi nyumbani alisimama barazani kitambo, akikisikiliza kile chumba cha mwisho kikikohoa.

Kisha ikafika siku ya kuzaliwa ya marehemu. Mama alikuwa zamu. Bibi alioka keki ya chokoleti nyeusi, aliyoipenda Babu, akakata nusu nzima na kuiweka kwenye sahani ya maua.

"Mpelekee mzee," alisema. "Na mama yako asijue. Atanicheka."

Kufuli aliimaliza bila kutafuna, akalamba hadi maua ya sahani. Chiriku akarudi jikoni kuosha vyombo. Maji yalikuwa yakichuruzika, cherehani ikinguruma, na kwa muda mrefu hakutambua ni kitu gani kimepungua. Halafu cherehani ikanyamaza.

"Chiriku," Bibi aliita taratibu, "mbona mzee hakohoi?"

Walisikiliza. Kiti hakikulia. Funguo hazikulia. Siku zote Chiriku alikuwa amekiogopa kikohozi kile. Sasa alitambua kwamba ukimya wake ulitisha maradufu.

Walimkuta sakafuni, miguu ikitetemeka, povu mdomoni, moyo ukigonga chini ya pajama kama unaotaka kutoka nje. Bibi alipiga magoti. "Usiniache tena," alimwambia. Lile neno "tena" lilimwingia Chiriku hadi kwenye mifupa.

Hapakuwa na wa kumsubiri. Walimpakia kwenye toroli ambalo Babu alibebea vyuma, wakalisukuma barabarani, Bibi mkono mmoja, Chiriku mwingine. Pajama hawakuwa na muda wa kuzivua.

"Bibi, mgonjwa wako amesahau kandambili!" alipiga kelele muuza viatu, na watu wakaangua vicheko. Bibi hakusikia hata kimoja.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mfupi, mwenye mikono iliyojaa alama za kucha za paka. Alimweka Kufuli mezani, akamfungua vifungo vya pajama bila kuuliza swali, akasikiliza moyo.

"Amekula nini leo?"

"Chakula cha kawaida," Bibi alisema.

"Cha kawaida kipi, mama?"

"Cha mbwa tu." Bibi alikaza macho sakafuni. Mtu mzima na mvi zake atasemaje kwamba amemwokea mbwa keki?

Daktari alimtazama Chiriku. Bibi naye alimtazama, na macho yake yalikuwa yakimwomba. Akisema, atamwaibisha Bibi mbele ya mgeni. Asiposema, Kufuli alikuwa pale mezani, akitetemeka.

"Keki ya chokoleti," alisema. "Nusu nzima. Mimi ndiye niliyempelekea. Nisamehe, Bibi. Na kila siku chai ya sukari, na biskuti, na soseji. Na anakohoa siku nyingi, tukamwacha, kwa sababu… kwa sababu anakohoa kama Babu."

Daktari hakucheka. Alikuwa ameshageuka, akavuta droo na kutia dawa kwenye bomba la sindano.

"Chokoleti kwa mbwa ni sumu," alisema huku akifanya kazi. "Kwa bahati ameila sasa hivi, nitamtapisha. Ningeambiwa chakula cha kawaida, ningetafuta ugonjwa mwingine, na muda ungepita."

Walingoja kwenye benchi la nje. Bibi alikuwa amezikumbatia pajama zile, akizikunja, akizikunjua.

"Umekasirika, Bibi?" Chiriku aliuliza.

"Nyamaza, mke mwenzangu. Acha nisikilize."

Mwishowe mlango ulifunguka. "Ataishi," daktari alisema. "Lakini hicho kikohozi, mama, ni moyo uliolemewa na mafuta. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha chochote, maskini. Amekohoa mpaka mtaa mzima umesikia. Ninyi ndio mliomfichia. Dawa nitatoa, ila nusu ya dawa ni miguu yake mwenyewe. Atembee. Na sukari, mwisho leo."

Haikuwa kazi nyepesi. Siku za kwanza Kufuli alilala mbele ya bakuli lake akilitazama kama barua ya kufukuzwa kazi. Bibi alimtembeza asubuhi na Chiriku jioni, pamoja na Njiti, aliyekuja kwanza kuhakikisha kwamba mbwa ni mbwa. Polepole shingo ya Kufuli ilirudi kutoka ilikokuwa. Kikohozi kikapungua, na siku moja hakikusikika kabisa.

Jioni hiyo Bibi aliingia chumba cha mwisho, akafungua mapazia, akakaa mwenyewe kwenye kiti cha bembea. Chiriku alisimama mlangoni.

"Njoo," Bibi alisema. "Hakuna wa kukuuma humu. Unajua nilichokuwa nikifanya? Nilikuwa namlisha marehemu kwa mdomo wa mbwa. Marehemu hakushiba, na mbwa nusura afe. Kumpenda kiumbe si kumpa kila anachokikodolea macho, mjukuu wangu. Ni kumpa kinachomfaa, hata akinuna. Na wewe ulinipenda hivyohivyo pale kwa daktari. Ungeninyamazia ili nisione aibu, leo ningekuwa na marehemu wawili."

Kufuli aliingia, kucha zikigonga sakafu. Alifika mbele ya kiti, akainua kichwa, akatazama juu kidogo ya bega la Bibi, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alitikisa mkia. Kisha akageuka, akatoka, akaenda kulala langoni kwake.

Ukutani funguo zililia polepole, ingawa Bibi hakuwa amebembea.

Chiriku alimtazama Bibi. Bibi alitabasamu.

"Amemsalimia," alisema. "Salamu zinamtosha. Haya, kaniletee chai, na hiyo nitakunywa mwenyewe."